Bia Iliyomwagika Kabla ya Bei

Mgahawa wa doña Primitiva Tarqui ulikuwa na meza sita, na hakuna hata moja aliyopewa bure. Ya kwanza aliinunua kwa fedha za viazi vikavu, alivyokuwa akiuza kwenye beseni kando ya barabara ya Buenos Aires, hapa hapa La Paz, zamani kabla hajamudu hata kodi ya chumba. Ya sita ilitoka kwa seremala mmoja aliyekuwa mlafi kuliko alivyokuwa mjanja: akaitengeneza kwa malipo ya supu ya miezi miwili, na mpaka leo anaamini yeye ndiye aliyefaidi.

Kwa hiyo mtu akisema Primitiva alikuwa mgumu wa kutoa fedha, anasema kweli. Televisheni kwake ilikuwa kitu cha watu wenye muda wa kukaa. Aliyekuja kula alikula, akalipa, akampisha mwingine.

Mambo yalibadilika pale Nicanora, mwenye mgahawa wa ng'ambo ya barabara, alipotundika televisheni ukutani. Supu ya Nicanora ungeweza kuoshea madirisha, na kila mtu mtaani alijua. Lakini watu walianza kuvuka barabara. Primitiva aliwaona kupitia mlango wake, wamekaa kwa Nicanora na shingo juu kama kuku anayemeza maji, wanapeleka kijiko mdomoni bila kujua kilichomo. Nadhani hiyo ndiyo siri yenyewe. Supu ile ilihitaji mtu asiitazame.

Jumatano akaja don Anacleto Yujra, kofia mkononi. Huyu ndiye mwenye karakana ya kudarizi mavazi ya ngoma za sikukuu ya Gran Poder, na mafundi wake kumi na wanne walikuwa wanakula kwa Primitiva kwa malipo ya mwezi. Hao walikuwa nusu ya sufuria yake. Bila wao, kodi ya chumba ingemshinda kabla sikukuu haijafika.

"Doña Primi," alisema, "Jumatatu tunaanza mwezi mpya wa chakula. Vijana wanataka mahali penye tivi."

"Na supu?"

"Supu yako haina mpinzani, mama. Lakini wale watu toka asubuhi mpaka usiku wanatazama shanga na nyuzi za dhahabu. Saa ya chakula wanataka kutazama kitu kinachotembea."

"Mimi hapa sitembei?"

"Unatembea," alisema don Anacleto, "ila hufungi mabao."

Primitiva hakucheka. Aliuliza tu: "Mpaka Jumatatu?"

"Mpaka Jumatatu. Nikikuta tivi ukutani, nalipa mwezi hapa. Nisipoikuta, nitavuka barabara, na utanisamehe."

Alipoondoka, Primitiva alifunga mlango akatoa akiba yake. Boliviano elfu moja na mia nane. Fedha ya nyama ya kesho alikuwa ameitenga, na hiyo haiguswi hata mtakatifu akishuka mwenyewe kuiomba. Benki hakuifikiria. Kwa hesabu yake, mkopo ni mlaji anayekaa meza ya mbele, anakula kabla yako wewe mpishi, na hamalizi.

Usiku ule alichukua uzi wa sufu, akaufunga kwenye msumari ukutani, mahali ambapo televisheni ingetundikwa, akauvuta mpaka kwenye kiti cha mwisho cha meza ya mbali. Hapo akaukata. Kisha alikaa kila kiti kwa zamu, akautazama ule ukuta mtupu. Akagundua mambo mawili. La kwanza, watu wa mabenchi ya pembeni wangetazama kwa ubavu. La pili, mchana jua lingeingia kwa mlango na kupiga pale pale. Wengine huingia dukani wakiuliza ipi nzuri. Yeye alitaka ipi inafaa ukuta ule, na hilo hakuna muuzaji anayelijua.

Sasa ilibaki kupata shahidi wa kumsaidia kuchagua. Dada yake alitaka kwenda naye, akakataliwa, kwa kuwa angeanza kusifia rangi ya boksi. Akamchukua don Wenceslao Apaza, mdarizi mkongwe wa karakana ya Anacleto, mzee aliyeyamaliza macho yake kwenye shanga za watu wengine wanaocheza. Akikutana na mkewe sokoni humsalimia kama mgeni.

"Ukiona wewe, wameona wote," Primitiva alimwambia. "Lakini sikiliza, don Wenchi. Kazi yako ni mbili. Kuona na kununa."

"Kununa?"

"Kununa. Muuzaji akisema jambo, wewe nuna. Nikikuuliza, sema nambari unazoziona, basi. Usisifie kitu. Uso uwe kama wa mtu aliyefiwa na punda."

"Sijawahi kuwa na punda."

"Basi jitahidi."

Shida ni kwamba don Wenceslao alikuwa mtu wa furaha tangu kuzaliwa. Alikuwa mcheza ngoma wa miaka mingi, na sura yake haikuwa imezoea kazi nyingine.

Ijumaa walishuka mtaa wa Huyustus, kwenye maduka ya televisheni, asubuhi sana, barafu ya usiku bado iko kwenye vibaraza. Primitiva alikuwa amepita huko Alhamisi akiwa na kikapu cha vitunguu, kama mtu anayepita tu, akasikiliza bei bila kuuliza. Alikuwa ameshamchagua muuzaji: doña Hilaria, mwanamke mnene mwenye meno mawili ya dhahabu, anayejulikana kwa ukali lakini hauzi tivi kuukuu iliyokarabatiwa kama mpya. Akamvizia. Hilaria alipoinua mlango wake wa chuma, Primitiva alikuwa amesimama mbele yake kama mlingoti.

"Karibu, kasera, nifungulie biashara!" Hilaria alisema kabla hajatazama vizuri. Kasera ndivyo waitanavyo muuzaji na mteja wake katika masoko yetu, na hutamkwa kwa utamu zaidi pale mtu anapotaka kukunyoa.

Halafu Hilaria akatazama vizuri, akayaona macho makali ya Primitiva, na moyo ukamwenda chini kidogo. Huyustus nzima inaamini kwamba mteja wa kwanza akiondoka mikono mitupu, nuksi yake inakaa dukani mpaka jioni. Primitiva hakuamini nuksi kwa kiasi hicho. Ila aliamini sana kwamba Hilaria anaamini.

"Nioneshe kubwa kuliko zote kwa bei ya ndogo kuliko zote," alisema.

"Ah! Kumbe leo nimefunguliwa na mchekeshaji."

Hilaria akawasha tatu. Zote zikaonyesha samaki. Samaki wa njano, samaki wa buluu, wanaelea kwenye maji safi ambayo hayapo popote katika nchi hii.

"Loo!" alisema don Wenceslao. Primitiva akamkanyaga.

"Samaki toa," alisema. "Kwa samaki hata ubao ungependeza. Niwekee mpira, au mtu anasoma habari."

"Kasera, hii ni picha ya majaribio, ndiyo inayoonyesha ubora…"

"Wateja wangu si samaki."

Hilaria akachomeka antena. Ukatokea mpira wa marudio, wachezaji wadogo kwenye majani ya kijani, na nambari za mabao kwenye pembe. Primitiva akatoa uzi wake. Ncha moja akaishikiza kwenye televisheni, nyingine akampa don Wenceslao, naye akaenda kinyumenyume mpaka akatoka dukani, akavuka kibaraza, akasimama katikati ya njia. Wachukuzi wenye maboksi mgongoni wakawa wanauruka uzi huku wakimtukana kwa adabu.

"Mzee, unavua samaki gani hapo?"

"Nanunua tivi, mwanangu!"

"Kwa ndoano?"

Televisheni ya kwanza ilikuwa ndogo, ya jina kubwa. Don Wenceslao akakodoa macho. "Naona kitu kijani," alisema. "Inaweza kuwa uwanja. Inaweza kuwa kabeji." Ikaondolewa.

Ya pili ilikuwa pana kama kitanda cha mtoto, ya jina ambalo hata Hilaria alilitamka kwa uangalifu, na bei yake haikuwa mbali na mfuko wa Primitiva. Don Wenceslao alisoma nambari zote, akasahau kununa, akaanza kutaja na rangi za soksi. Hilaria akatabasamu kwa dhahabu zote mbili. Lakini Primitiva alikwenda pembeni, akainama ubavuni mwa ile televisheni, pale ambapo watu wa mabenchi wangekuwa. Uwanja ukageuka kijivu. Wachezaji wakawa moshi.

"Nusu ya wateja wangu watakuwa wanatazama ukungu," alisema.

"Wasogeze viti."

"Viti vikisogea, nani atapita na sahani? Wewe?"

Ya tatu ilikuwa ya inchi arobaini na tatu, haina kubwa wala dogo la kujivunia. Primitiva akamwomba Hilaria akunje turubai la mbele, jua liingie. Hilaria akaguna, akalikunja. Jua la asubuhi likapiga kioo moja kwa moja, na picha haikukimbia. Primitiva akaenda ubavu wa kushoto, akaenda wa kulia. Akaongeza sauti, akamwambia Hilaria agonge sufuria ya chai kwa kijiko kama mtu anayekula, na bado mtangazaji akasikika.

"Don Wenchi?"

"Moja kwa sifuri!" mzee alipiga kelele kutoka njiani. "Dakika ya sabini! Na yule refa ana kipara!"

Hapo Primitiva akakosea. Yeye ambaye amewafundisha wanawake wa mtaa mzima kwamba kitu unachokitaka usikiguse, alinyoosha mkono akaipapasa ile televisheni ukingoni kwa kiganja, kama mtu anayempapasa ng'ombe aliyekubali kukamuliwa. Akatabasamu.

Don Wenceslao alikuwa anamjua kwa miaka minane na hakuwahi kuliona tabasamu lile. Hata kwa macho yake aliliona. Moyoni mwake mambo yakawa yamekwisha: imenunuliwa! Na kitu kipya kikinunuliwa, mtu mstaarabu hakiachi kikavu. Akauachia uzi, akaja mbio, akatoa ndani ya koti chupa ya bia aliyokuwa ameileta kimyakimya, akaifungua kwa meno.

"Don Wenchi, subi…"

Challa, tambiko la kukibariki kitu kipya, ilikuwa imeshaanza. Bia puu kwenye pembe hii ya meza, bia puu kwenye pembe ile, matone chini ya miguu ya televisheni, kwa Mama Ardhi, kama inavyopasa.

"Kwa mgahawa wa doña Primitiva Tarqui!" alitangaza kwa sauti ya mkuu wa ngoma. "Idumu! Isiungue! Ilete watu, na watu walete fedha! Na iwe kwa saa njema!"

"Iwe kwa saa njema!" wakaitikia wauza viatu wa duka la pili, kwa mazoea tu.

Povu likachuruzika mezani.

Hilaria alikuwa wa kwanza kuelewa. Akakunja mikono juu ya kifua chake kipana. "Hongera, kasera," alisema polepole. "Elfu mbili na mia tatu."

"Hatujasema bei!"

"Mumeo ameshasema yote."

"Si mume wangu!"

"Mimi ni mteja wa supu," alieleza don Wenceslao, na sasa, wakati haukuhitajika tena, akanuna vizuri kabisa.

"Mume au supu, tivi imepigwa challa kwa jina lako," alisema Hilaria. "Ukiiacha hapa umemdharau Mama Ardhi, na mgahawa wako utauona ukiungua. Elfu mbili na mia tatu. Sina haraka."

Na kweli, Primitiva aliingiwa na hofu. Hakuogopa mgahawa kuungua. Aliogopa kwamba Hilaria hatashuka, Jumatatu itafika, na don Anacleto atavuka barabara na watu wake kumi na wanne. Akaitazama ile bia. Akaitazama televisheni. Halafu akageuka, akavuta kigoda cha Hilaria mwenyewe, akakaa, akayapanga marinda ya sketi yake taratibu.

"Haya," alisema. "Basi iuze."

"Niuze nini?"

"Tivi yangu. Muuzie mwingine. Mimi sina elfu mbili na mia tatu. Mwambie tu ukweli, kwamba imeshapigwa challa kwa jina la Primitiva Tarqui, imeombewa iniletee watu *mimi*, na fedha zije kwangu *mimi*. Nani ataipeleka nyumbani kwake?"

Hilaria akawageukia wauza viatu.

"Nisingeipeleka mimi," alisema muuza viatu.

"Wewe nani amekuuliza? Uza makobazi yako!"

"Nasema tu, doña Hila. Tivi yenye jina la mtu! Utakuwa unalipia umeme, baraka zinakwenda kwingine."

"Sitamwambia mteja!"

"Nitamwambia mimi," alisema Primitiva kwa upole. "Niko hapa nimekaa. Sina haraka. Mimi ndiye mteja wako wa kwanza leo, na bado sijanunua."

Kisha kitu kikaanza kutikisika ndani ya kile kifua kipana, kikapanda mpaka kwenye meno ya dhahabu, na yule mama mkali wa Huyustus akacheka mpaka akashika mlango. Wauza viatu wakacheka. Don Wenceslao, akiona ruhusa imetoka, akacheka kuliko wote.

"Mchawi wewe!" Hilaria alisema akijifuta macho. "Shoga, umetokea wapi?"

"Kwenye beseni la viazi."

"Mimi nilianza na soksi, kwenye trei. Haya, unatoa ngapi?"

"Elfu moja na mia sita."

"Hapo sasa unanitukana. Elfu mbili."

"Mia saba, na kile chuma cha kutundikia ukutani."

"Chuma kina bei yake!"

"Nimeshakuwa shoga, kisha unaniuzia chuma?"

Walivutana mpaka bia ikakauka mezani. Mwisho Hilaria akagota kwenye elfu moja na mia tisa na hamsini, chuma na antena ndani, na akaapa kwa mama yake kwamba chini ya hapo anakula hasara. Primitiva akamtazama shingo, ambapo uongo wa watu wengi huonekana, akaona safari hii ni kweli. Lakini mfukoni alikuwa na mia nane juu ya elfu, na hakuna hata senti nyingine.

"Mchana unakula nini hapa?" aliuliza.

"Nakula nini! Mkate na chai. Nikiacha duka, wataliiba na kivuli chake."

"Elfu moja na mia nane taslimu sasa hivi. Hiyo mia na hamsini iliyobaki, nakuletea chakula hapa hapa mlangoni, siku kumi. Supu ya karanga, sahani ya pili na kinywaji. Moto."

"Na supu ikiwa mbaya?"

"Shahidi yuko hapa."

Don Wenceslao akaweka mkono kifuani. "Mama," alisema, "supu ile nimeila miaka minane bila kuona kilichomo, na sijawahi kulalamika."

Hilaria akazipokea fedha, akazigusisha paji la uso, akajivuka ishara ya msalaba, akazibusu. Biashara ikafunguliwa.

Mchukuzi aliipandisha televisheni mlimani mgongoni, Primitiva nyuma yake akiwa na macho kwenye kila hatua, na don Wenceslao nyuma ya wote akiimba. Jioni chuma kilikuwa ukutani. Nicanora alisimama mlangoni kwake ng'ambo ya barabara, akapima upana kwa macho, akaingia ndani bila kusalimia.

Primitiva aliweka sheria kabla hata ya kuijaribu: inawashwa supu ikifika mezani, inazimwa sahani ya pili ikiisha. Asiyetaka anunue ya kwake.

Na Hilaria je? Siku ya kwanza, Jumamosi, alionja supu akiwa amesimama. Kijiko cha pili alikaa. Kesho yake Huyustus imejaa watu wa Jumapili, muuza viatu akaja kunusa bakuli lake, akauliza inatoka wapi. Jumatatu asubuhi Primitiva alipewa maagizo ya mabakuli tisa, ya kulipwa taslimu, na watu ambao hawatakuja kuiona televisheni yake maisha yao yote.

Mchana huo huo wakaingia mafundi kumi na wanne, shanga bado zimenasa kwenye mikono ya sweta zao. Walikaa, supu ikafika, tivi ikawashwa, kukawa na kelele ya shangwe kama mtu amefunga bao, na kumbe lilikuwa tangazo la sabuni. Don Anacleto alikuja jikoni na fedha za mwezi mkononi.

"Umenishinda, doña Primi. Hizi hapa."

Primitiva alizihesabu. "Zimepungua. Mwezi huu kila mtu anaongeza boliviano tano."

"Kwa nini?"

"Umeme."

"Lakini mama, tivi umeinunua ili tusiondoke!"

"Na mmebaki," alisema, akimimina supu. "Nenda ng'ambo kaulize bei, mlango uko wazi."

Don Anacleto aligeuka, akawatazama vijana wake. Walikuwa wameinua shingo wote, midomo wazi, na vijiko vyao vilikuwa vinakwenda kasi kuliko siku zote. Hakuna aliyekuwa na nia ya kunyanyuka. Alitia mkono mfukoni huku akicheka na kutikisa kichwa, akaongeza, na Primitiva akamjazia bakuli mpaka ukingoni, akamtilia na kipande cha nyama ambacho hakikuwa kwenye mapatano.